Deni la Hospitali: Kulipa kwa Awamu au Kukopa na Kulimaliza?

Mkulima wa tumbaku wa Urambo anayeruhusiwa kutoka hospitalini mjini Tabora akiwa na ankara ya shilingi 480,000, huku soko la tumbaku likiwa bado miezi minne, huwa na njia mbili.

Ya kwanza ni kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali na kuandikiana ahadi ya kulipa kwa awamu. Inachosha, maana ataulizwa habari za shamba, watoto na barua ya mtendaji wa kijiji, na benchi la kusubiria halina egemeo. Hata hivyo, deni hilo kwa kawaida halizai riba, tarehe zinaweza kufuata msimu wa mauzo, na asiye na uwezo kabisa anaweza kuombewa msamaha.

Ya pili ni kukopa, kwa simu au kwa taasisi ya mikopo midogo. Ni haraka, lakini kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, shilingi 48,000 huongezeka kabla deni lenyewe halijaguswa. Isitoshe, ankara imegeuka mkopo, na mkopo usiolipwa huweza kuingia katika kanzidata ya taarifa za wakopaji inayosimamiwa na Benki Kuu, ambayo benki huitazama kabla ya kukopesha. Anayetegemea mkopo wa mbolea msimu ujao ndiye huumia zaidi.

Mimi ningechagua benchi, mradi makubaliano yawe ya maandishi na risiti zote zitunzwe, kwa kuwa ofisa ustawi akihamishwa kituo, mazungumzo ya mdomo huondoka naye.