Ugezi wa audiometa: kipimo kizuri, cheti kilichozidisha

Kliniki yetu ndogo ya masikio mjini Morogoro hupima pia wafanyakazi wa viwandani, na kwa watu hao masafa ya hezi 4,000 (sauti nyembamba) ndiyo tunayoyachunguza zaidi, kwa kuwa madhara ya kelele kwa kawaida huanza kuonekana karibu na hapo. Kila Jumatatu hujipima mwenyewe kwa audiometa, yaani mashine ya kupimia usikivu, kabla ya mgonjwa wa kwanza. Mwezi uliopita usikivu wa sikio langu la kushoto ulionekana kushuka kwa desibeli 10 katika masafa hayo hayo. Nilipozigeuza hedifoni, upungufu ukahamia sikio la kulia, nikajua kwamba mgonjwa ni spika wala si mimi.

Fundi wa ugezi (kazi ya kuhakiki na kurekebisha usahihi wa kipimo) tuliyemwita kutoka Dar es Salaam alifika siku aliyoahidi, akiwa na sikio bandia, yaani kifaa kinachoiga sikio la mtu, na kipima sauti ambacho chenyewe kilikuwa na cheti cha ugezi kisichopitwa na muda (nilikiomba, naye hakununa). Aliilaza kila spika juu ya sikio bandia, akaikandamiza kwa nguvu ya nyutoni 4.5 hivi, kisha akapima masafa moja baada ya jingine bila haraka. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60645-1 kinaruhusu sauti ipishane na inayotakiwa kwa desibeli 3 tu hadi kufikia hezi 4,000. Spika yetu ya kushoto ilikuwa chini kwa 8. Aliirekebisha, akaipima upya, akaandika namba za kabla na za baada. Za kabla ndizo hasa nilizozilipia, kwa sababu bila hizo nisingejua majibu yapi ya wiki zilizotangulia yanapaswa kurudiwa, ilhali fundi wetu wa zamani alikuwa akibandika stika yenye tarehe na kuondoka.

Dosari ni kitetemeshi cha mfupa, sehemu ya audiometa inayopeleka sauti kupitia mfupa wa kichwa badala ya hewa. Hakuja na kifaa cha kukipimia. Alikiweka nyuma ya sikio lake akasikiliza, na bado cheti kikaandikwa kwamba audiometa nzima imefaulu. Kusikiliza hugundua waya uliokatika au mkwaruzo, si upungufu wa desibeli chache, na tofauti kati ya usikivu wa hewa na wa mfupa ndiyo inayotuonyesha kama tatizo liko kwenye sikio la nje na la kati au ndani zaidi. Nilikirudisha cheti, na baada ya siku nne nikaletewa kingine kinachosema wazi kuwa kitetemeshi hakikupimwa.

Fundi huyu na wenzake nawapa nyota tatu kati ya tano. Ya nne inasubiri siku watakapokuja na kifaa cha mfupa.