Uzoefu wangu: Microsoft Clarity na PageSpeed Insights kwenye tovuti ya biashara ya huduma

Fundi AC, saluni, kliniki ya meno, kampuni ya kuhamisha mizigo: tovuti za biashara hizi zina kazi moja. Aliyeifungua apige simu, aandike WhatsApp au ajaze fomu. Zana mbili za bure ninazozitegemea kupima kama kazi hiyo inafanyika ni Microsoft Clarity, inayorekodi matumizi ya wageni, na PageSpeed Insights ya Google, inayopima kasi ya ukurasa. Msimamo wangu ni kwamba ya kwanza inafaa kuwekwa kwenye kila tovuti ya aina hii. Ya pili ni nzuri, ila wengi wanaisoma vibaya. Na hata ukiwa nazo zote mbili, bado utahitaji kumkalisha mtu mbele yako na simu yake mkononi.

Kuweka Clarity hakuna ugumu. Unafungua akaunti, unaandika anwani ya tovuti, unapewa kipande cha msimbo cha kubandika sehemu ya head (ya juu ya msimbo) ya kila ukurasa. Kwenye WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, kuna programu-jalizi yake, hugusi msimbo kabisa. Baada ya hapo inarekodi jinsi watu wanavyotumia kurasa: wanapogusa, wanapoteremka, wanapokwama, wanapoondoka. Rekodi ya kawaida hukaa siku 30 tu, hivyo panga siku moja kila wiki ya kuzitazama. Biashara yenye wageni wachache ikisubiri robo mwaka itakuta rekodi zilizokuwa na majibu zimeshafutika.

Kabla ya kuanza, ingia kwenye mipangilio ya kuficha maandishi. Kuna Strict, Balanced na Relaxed. Inayokuja yenyewe ni Balanced, ambayo huficha yanayojazwa kwenye fomu, tarakimu na anwani za barua pepe. Kwa kliniki, ofisi ya wakili au huduma yoyote inayoonyesha taarifa za mteja kwenye ukurasa, chagua Strict, inayoficha maandishi yote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya 2019. Waambie wageni wa tovuti, kwenye ukurasa wa faragha, kwamba matumizi yao yanarekodiwa. Naliona jambo hili kuwa la heshima kwa mteja hata kabla ya kuwa la sheria.

Sasa utazame nini? Usianze na rekodi yoyote iliyo mbele yako, utapoteza siku nzima. Chuja kwanza watumiaji wa simu, kisha ukurasa wa huduma au wa bei, kisha rekodi zenye mibofyo mfu, yaani mtu amegusa na hakuna kilichotokea. Mara nyingi aliyegusa alikuwa anagusa namba ya simu. Namba imeandikwa kama maandishi ya kawaida au imo ndani ya picha ya bango, kwa hiyo mteja hana budi kuikariri. Tiba yake ni dakika chache: iweke kama kiungo cha tel: kikifuatiwa na +255 au +254 na tarakimu tisa, kisha kitufe hicho kibaki chini ya kioo muda wote mtu anapoteremka. Kiwango cha WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wote, kinataka sehemu ya kugusa isipungue pikseli 24 kwa 24. Kwa kitufe cha kupiga simu mimi naona hiyo ni ndogo, nenda kwenye 48.

Kiungo cha WhatsApp kina kosa lake maalumu. Baada ya wa.me/ panafuata 255 na tarakimu tisa, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mwanzo, bila nafasi. Sifuri hiyo ikibaki, WhatsApp inafunguka na kusema namba si sahihi, na mteja anahisi biashara imefungwa. Ongeza pia ?text= yenye ujumbe ulioandaliwa, kwa mfano “Habari, naomba bei ya kusafisha AC. Nipo…”. Anayepokea atajua mara moja mtu anataka nini na ametoka ukurasa upi.

Kwenye fomu ndiko Clarity inakolipa zaidi. Inakuonyesha mibofyo ya hasira, mtu akigonga sehemu moja mfululizo, na kwenye fomu sehemu hiyo huwa ni kitufe cha kutuma. Sababu zipo mbili. Ya kwanza ni mtandao wa taratibu: kitufe hakibadiliki baada ya kuguswa, mteja anadhani hakijashika, anagusa tena na tena, na ofisi inapokea maombi manne yanayofanana. Kitufe kijifunge baada ya mguso wa kwanza na kiandike “Inatuma…”, na mtandao ukikatika, yote aliyojaza yabaki palepale. Ya pili ni fomu kukataa namba. Mtu kaandika 07 na nafasi katikati, fomu inataka +255, na ujumbe wa kosa umejificha juu kabisa mahali asipopaona. Pokea namba kwa namna zote ambazo watu huziandika, kisha isafishe upande wa seva. Kosa lionekane chini ya kisanduku chenyewe, likisema nini kirekebishwe. Kisanduku cha namba kiwe cha aina ya tel ili kicharazio cha tarakimu kifunguke chenyewe, na herufi zisipungue pikseli 16, vinginevyo Safari ya iPhone itavuta ukurasa karibu na kumpotezea mteja kitufe.

Punguza pia visanduku. Ili fundi aende, anahitaji jina, simu, eneo na tatizo. Barua pepe iwe hiari au iondoke.

Tahadhari moja kuhusu Clarity: si kila mbofyo mfu ni tatizo. Wapo wanaogusagusa maandishi wanaposoma, na zana inahesabu. Amini pale unapoona watu tofauti wakigusa kitu kilekile, kama picha ya huduma inayofanana na kitufe lakini haiendi popote. Hiyo ifanye iende.

PageSpeed Insights ina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya. Ya juu ni takwimu za watumiaji halisi wa Chrome kwa siku 28 zilizopita. Tovuti ndogo mara nyingi haina wageni wa kutosha, kwa hiyo sehemu hiyo inakuwa tupu, na si kosa lako. Ya chini ni jaribio la maabara linaloiga simu ya kiwango cha kati kwenye 4G dhaifu, na ndilo linalotoa alama ya 0 hadi 100. Alama hiyo hupanda na kushuka hata usipogusa chochote. Pima mara tatu, chukua ya katikati.

Viwango vya kushika ni vitatu. Kitu kikubwa zaidi kwenye kioo kionekane ndani ya sekunde 2.5 (LCP). Ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200 (INP). Na kuruka kwa ukurasa kusizidi 0.1 (CLS). Kwa watumiaji halisi hupimwa kwenye asilimia 75 ya ziara, kwa hiyo simu yako nzuri ya ofisini haithibitishi lolote.

LCP mbaya kwenye tovuti za huduma kwa kawaida inatokana na slaidi za picha juu ya ukurasa, kila moja ikiwa na megabaiti kadhaa kama ilivyotoka kwenye kamera. Ondoa slaidi, baki na picha moja ya WebP (aina ya faili jepesi la picha) yenye upana wa pikseli 800 hivi kwa simu, uzito chini ya kilobaiti 150. Picha hiyo ya juu usiiwekee loading="lazy", agizo la kupakia picha pale tu mtu anapoikaribia, utaichelewesha; hiyo ni ya picha za chini. Andika width na height kwenye kila picha ili kivinjari kitenge nafasi mapema. Bila hivyo ukurasa unaruka, na aliyekuwa anagusa “Piga simu” anajikuta amegusa tangazo la ofa. Ramani iliyopachikwa nayo ni nzito. Weka picha ya ramani yenye kiungo kinachofungua programu ya ramani kwenye simu.

Tovuti ya alama 98 isiyo na bei bado inamwacha mteja gizani. “Kuanzia sh. 35,000” ni bora kuliko ukimya, na hakuna mashine itakayokuonyesha hilo.

Ndiyo maana nasisitiza majaribio na watu. Jakob Nielsen alitetea mwaka 2000 kwamba watu watano hufichua sehemu kubwa ya matatizo, na kwa tovuti ya kurasa sita au saba nakubaliana naye. Wasiwe wafanyakazi wako. Watumie simu zao na bando lao, Wi-Fi ya ofisi izimwe. Usimwambie mtu “bofya Weka Miadi”, maana umeshampa jibu. Mwambie: “AC ya chumbani inavuja maji, unaishi Tegeta, leo Jumamosi. Tafuta msaada humu.” Kisha nyamaza. Andika alipogusa kwanza, alipositasita, alichouliza. Akikuuliza “nibonyeze hapa?”, mrudishie: “Ungekuwa peke yako ungefanyaje?”

Rekebisha kitu kimoja kikubwa kwa wakati, andika tarehe, kisha linganisha wiki mbili za kabla na za baada: wangapi waliofika ukurasa wa huduma waligusa simu au WhatsApp. Linganisha pia na simu alizopokea mtu wa mapokezi. Miguso kwenye kitufe ikiongezeka na simu hazilii, fungua tovuti kwenye simu nyingine na upige namba ileile, ukianza na saa za jioni na siku za mapumziko.