Kuwa zimwi: kuwe na uzito, au iwe sura tu?

EverQuest, mchezo wa kuigiza wa mtandaoni wa mwaka 1999, haikuwa na masihara. Ukichagua binadamu, usiku ukiingia huoni mbele bila taa. Ukichagua zimwi, gizani unaona vizuri, ila walinzi wa mji wa Freeport wakikutia machoni wanakushambulia, hata kama ulikuja kununua mkate tu. Jamii yako, yaani aina ya kiumbe unayemchagua kucheza, inaamua upite wapi na uuze wapi.

Final Fantasy XIV imeshika njia nyingine. Tofauti za nguvu kati ya jamii ni ndogo mno, na jamii yoyote inafanya kazi yoyote. Chagua sura unayoipenda, ingia vitani.

Kwa vijana wa Sinza wanaocheza pamoja kwa bando la usiku, njia hii ya pili haimwachi mtu nje. World of Warcraft ya 2004 iligawa jamii katika kambi mbili, Alliance na Horde, na hadi 2022 marafiki wa kambi tofauti hawakuweza kuingia pango moja kama kikosi. Bando lenyewe la kuunga, halafu mnatenganishwa! Inauma.

Hata hivyo nasimama na jamii yenye uzito, mradi tofauti iwe ya maisha, si ya kipigo. Nyongeza ya nguvu huwafanya wachezaji wakimbilie jamii moja. Lakini giza na walinzi wakorofi vinawafanya mhitajiane: binadamu aende sokoni kwa niaba ya zimwi, zimwi amwongoze porini usiku. Hapo ndipo urafiki wa mchezoni unapoanzia.