Kupiga Windows upya: kubakiza mafaili au kufomati C peke yake?

Msimu wa korosho ukikaribia hapa Mtwara, makarani wa vyama vya msingi huniletea kompyuta zilizochoka, zimebeba hesabu za wakulima. Njia ni mbili.

Ya kwanza, kuiweka Windows upya kupitia mipangilio yake yenyewe, ukichagua kubakiza mafaili. Huhitaji fleshi. Programu ulizoongeza hufutika, nyaraka hubaki. Mfumo ukiwa umeharibika sana, huweza kukwama katikati.

Ya pili ndiyo ninayoiamini: kupiga Windows kwa fleshi ya GB 8, unafomati C tu, yaani sehemu ya diski inayobeba Windows; D, sehemu ya pili ya kuhifadhia mafaili, huigusi. Kwanza hamisha vilivyo Desktop na Downloads, maana kwa kawaida hukaa C. Nimeona watu wazima wakilia kwa hilo. Wakati wa kusakinisha, huenda usizione herufi C na D, bali namba za sehemu za diski, hivyo andika ukubwa wa kila sehemu kwenye karatasi mapema. BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa siri, ikiwa imewashwa, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 kabla hujagusa chochote.

Zote mbili zinataka nakala kwenye diski ya nje, hasa umeme ukiwa wa kukatikakatika. Ile ya kwanza nampa mwenye kompyuta iliyopungua kasi tu, isiyo na D.