Uzoefu wangu: meza ya fundi saa niliyochongesha Ndeeba

Meza hii nimechongesha kwa seremala mmoja wa Ndeeba, Kampala, kwa mchoro wangu mwenyewe, na imeshapita misimu miwili ya mvua ikiwa kazini. Naipa alama nane kwa kumi. Hizo mbili zilizopungua nazieleza kwa kirefu, kwa sababu seremala wa samani za nyumbani ni rahisi kukosea palepale.

Urefu kwanza. Meza ya kawaida ina sentimita 75 hivi. Hii ina 98. Lenzi ya jichoni ya inchi 3 huona vizuri kitu kikiwa karibu sentimita 7 na nusu. Meza ikiwa fupi, shingo ndiyo inayoshuka kuifuata saa, viwiko vinabaki hewani na kibano kinatetemeka. Kipimo kitoe mwilini mwako: kaa kwenye kiti utakachotumia, nyayo zilale sakafuni, uso wa meza ufike sentimita chache chini ya kwapa. Hapa seremala alifuata mchoro barabara.

Miguu ni ya mugavu, mti wa mbao ngumu, sentimita 7 kwa 7, mizito, haiyumbi hata lori likipita nje. Uso ni plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja, sentimita 110 kwa 60. Nusu ya karatasi ya futi 8 kwa 4 inatosha vipande vyote viwili.

Juu yake niliagiza fomaika ya kijani hafifu isiyong'aa. Inayong'aa hurudisha mwanga wa taa machoni, na nyeusi humeza skrubu. Vanishi pia haifai, maana benzini ya kusafishia vyuma inaweza kuiharibu. Tatizo likawa gundi: ilipakwa upande mmoja tu, na baada ya wiki chache ukingo wa mbele ukavimba. Gundi ya aina hii hupakwa pande zote mbili, mgongo wa fomaika na uso wa plaiwudi, ikaachwa mpaka isishike kidole, ndipo fomaika ikandamizwe kuanzia katikati kwenda nje. Simama hapo hapo ukiangalia kazi hii ikifanywa.

Pande tatu zina ukingo wa sentimita moja kuzuia vitu visibingirike. Angalia pale ukingo unapokutana na fomaika. Wangu uliachwa na ufa mwembamba kama ukucha, na skrubu ya saa ya mkono inapita humo bila shida. Nimeuziba kwa gundi ya vumbi la mbao, nikaulainisha kwa msasa.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni trei ya kitambaa inayovutwa kutoka chini ya uso wa meza na kukaa juu ya mapaja. Ni fremu ya mbao iliyofungwa turubai jeupe. Turubai lilegee kidogo: likikazwa kama ngoma, kijiwe (kito kidogo cha ndani ya saa) kikidondoka hudunda na kuishia sakafuni. Kwa trei hii springi nyingi zimerudi mkononi badala ya kutafutwa kwa tochi.

Watoto wa meza ni wanne, kina cha sentimita 5, upande wa kulia. Hapa ndipo alama zimeanguka. Mbao hazikuwa zimekauka vya kutosha, na mvua za Machi zilipoanza wawili walikwama. Acha nafasi ya milimita 2 kila upande, paka nta ya mshumaa kwenye reli. Kosa la pili ni kubwa zaidi: seremala aliweka sumaku za kuwafunga, kama za kabati la jikoni. Ziondoe siku hiyo hiyo. Bisibisi na vibano hushika usumaku, kisha huupeleka kwenye ile springi nyembamba kama unywele inayoongoza mwendo wa saa. Mizunguko yake inagandana na saa inakimbia mbele. Kishikizo cha mbao kinatosha kabisa.

Tena, mwambie seremala aache sentimita 10 bila ukingo kwenye kona ya nyuma kushoto, na uso wa meza utokeze sentimita 6 nyuma ya fremu, ili kibanio cha taa kipate pa kushika. Mimi sikulichora hilo. Ukingo umekatwa kwa msumeno baada ya meza kufika, na fomaika ya kona hiyo imechubuka.