Sanduku la mbao, chombo cha plastiki na pakiti za chumvi: uzoefu wangu wa kutunza biri nyumbani

Biri ya kwanza kuniharibikia niliijua kwa sikio. Niliiminya kwa vidole viwili, ikachakacha kama jani la mgomba lililokauka. Nilipoikata kichwa, jani la nje likapasuka hadi katikati. Nilipoiwasha ikawaka kama karatasi, moshi wa moto, mkali, unaouma ulimi. Biri ya kukaa nayo saa nzima ikawa imekwisha nusu saa haijafika.

Kilichoniuma zaidi ni mahali ilikotoka. Ilitoka ndani ya sanduku nililolinunua mahususi kwa kazi ya kuzitunza, na kipimo cha unyevu kilichokuwa kwenye kifuniko kilisoma asilimia 70 kamili.

Wengine huziita siga, wengine sigara nene. Mimi nitasema biri. Na nisieleweke vibaya: kuzitunza vizuri hakuzipunguzii madhara hata chembe. Mimi huvuta moja au mbili kwa mwezi, na ndiyo maana utunzaji unanihusu, kwa sababu biri yangu hukaa sana kabla haijaguswa. Anayezinunua leo na kuzimaliza kesho hana haja ya haya yote.

Nianze na sanduku lenyewe, maana ndilo nililolipa pesa nyingi kuliko vyote. Sura yake siisemi vibaya. Vanishi inayong'aa, kioo juu, bawaba za rangi ya dhahabu, ndani mbao ya sederela inayonukia vizuri mpaka unataka kulala humo. Mbao hiyo waingizaji wa biri huiita "mwerezi wa Hispania", na jina hilo ni la uongo mara mbili: mti wenyewe, Cedrela odorata, asili yake ni nchi za joto za Amerika, na ukoo wake ni ule wa mkangazi, si wa mwerezi. Harufu yake inaelewana na tumbaku, na mbao yenyewe hunyonya unyevu na kuuachia polepole. Hiyo ndiyo sifa iliyoniponza.

Mbao kutoka dukani huwa kavu, ina kiu. Mimi siku ile ile nilipoifungua nikapanga biri zangu zote humo, nikafurahi, nikafunga. Kumbe nimemweka mlevi alinde pombe. Mbao ikanywa unyevu wa biri, siku baada ya siku, na mshale wa kipimo haukuwahi kusogea kunionya.

Biri zinataka hewa yenye unyevu wa kati ya asilimia 65 na 70 hivi. Zikiwa chini sana ya hapo, mafuta ya tumbaku hupotea, ladha inabaki bapa na jani la nje linapasuka. Zikiwa juu sana, tumbaku ya ndani huvimba, mvuto unakuwa mgumu kama unanyonya uji mzito kwa mrija, moto unakula upande mmoja, na kila baada ya dakika chache unatafuta kiberiti tena. Zaidi ya hapo unaukaribisha ukungu. Kwa hiyo kila kitu kinategemea namba, na namba inategemea kipimo.

Kipimo hukipimaje? Kwa chumvi ya jikoni. Jaribio hili ningelijua mapema ningeokoa biri nyingi. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, kijaze chumvi, kisha dondoshea maji tone moja moja ukikoroga mpaka chumvi iwe kama mchanga uliopigwa na wimbi: imelowa, lakini haijayeyuka yote wala maji hayaelei juu. Weka kifuniko hicho pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu, acha hewa ya kutosha ndani, ufunge vizuri, ulale. Chumvi iliyolowa namna hiyo huifanya hewa ya ndani ya mfuko itulie kwenye asilimia 75. Hiyo ni tabia ya chumvi yenyewe. Kinachosomwa asubuhi ndicho kinachokuambia kipimo chako kinakosea kiasi gani.

Asubuhi nikauangalia mshale. 71. Nikadhani mfuko ulivuja, nikarudia kwa mfuko mwingine. 71 tena. Nikakianika kipimo chenyewe dirishani juani, mchana kutwa. 69. Ndipo nilipoelewa kwamba ule haukuwa kipimo bali pambo lenye mshale. Nikanunua kingine kidogo cha kidijiti, cha bei ya chini tu. Kwenye chumvi kikasoma 72, basi nikakibandikia karatasi nyuma: "ongeza 3". Nikakiweka ndani ya sanduku langu zuri. 48. Ongeza 3, 51.

Hapo nikafanya kosa la pili, la haraka. Kijikaratasi cha maelekezo kilisema ufute mbao kwa kitambaa chenye maji, ulowanishe sponji iliyomo kwenye kidude cha plastiki, ufunge. Nikafuta, tena kwa mkono usio na ubahili. Mbao ikavimba, kifuniko kikaanza kukaa upande kama kofia ya mlevi. Sponji nikaijaza maji ya bomba, nayo yana madini, yanaziba matundu ya sponji na hayazuii ukungu hata kidogo. Baada ya wiki tatu nilikuwa na maajabu ya sanduku moja lenye hali mbili za hewa. Biri zilizokuwa karibu na sponji zilikuwa na nyuzi nyeupe zenye ukijani, na zilizokuwa kona ya mbali bado zinachakacha.

Kuhusu weupe huo, utawasikia wazee wa biri wakisema ni "ua", yaani mafuta ya tumbaku yaliyojitokeza, dalili ya biri iliyokomaa. Mimi nasema ukiona madoadoa yenye manyoya, yaliyokaa kwa duara, huo ni ukungu, usijidanganye. Ukiwa juu ya jani la nje tu, wengine hufuta na kuendelea. Mimi nikiuona mguuni, upande wa kuwashia, naitupa, kwa sababu umeshaingia ndani na sina mpango wa kuuvuta.

Kabla ya kukata tamaa na sanduku nililipima kwa tochi. Weka tochi inayowaka ndani, zima taa za chumba, funga kifuniko. Kama unaona mstari wa mwanga, unyevu nao umeuona. Langu lilikuwa na mstari upande mzima wa kulia. Kipande cha karatasi nilichokibana kwenye kifuniko kilichomoka bila ubishi wowote.

Sasa kitu kilichoniokoa. Chombo cha plastiki cha jikoni, kile chenye raba pembeni na vibanio vinne, na pakiti za unyevu za Boveda. Hakuna urembo hapa. Chombo nilikiosha kwa sabuni isiyo na harufu, nikakiacha wazi siku nne mpaka pua ilipokosa cha kusema, kwa sababu tumbaku hunyonya harufu kama inavyonyonya maji. Ndani nikapanga vipande vya sederela nilivyovitoa kwenye maboksi ya biri, kisha biri, kisha pakiti mbili, na kile kipimo changu cha "ongeza 3".

Pakiti hizi nilizielewa upesi kwa sababu ya ile chumvi ya usiku. Ndani yake mna maji yaliyoshiba chumvi, na utando wa nje unapitisha mvuke lakini haupitishi maji. Hewa ikikauka, pakiti inatoa. Ikizidi unyevu, pakiti inanyonya. Kwa hiyo inafanya kazi pande zote mbili, tofauti na sponji ambayo inajua kutoa tu. Kila pakiti imeandikwa namba yake: 62, 65, 69, 72 na kadhalika, na unachagua kama unavyochagua saizi ya kiatu. Kiasi kinachofaa ni pakiti moja ya gramu 60 kwa kila nafasi ya biri 25, ukihesabu ukubwa wa chombo, si idadi ya biri ulizonazo. Ukiweka nyingi zaidi hazitavuka namba iliyoandikwa. Zitadumu zaidi tu.

Nilianza na 69 kwa sababu ilikuwa karibu na ile 70 ya kitabuni. Ndani ya plastiki iliyobana, biri zangu zikatoka nzito nzito, zinazimika katikati. Nikahamia 65, na tangu hapo sijahama. Moto unatembea sawa, majivu yanashikana. Mwenye sanduku la mbao linalovuja kidogo, 69 au 72 humfaa, kwa sababu unyevu mwingine unapotea njiani. Wapo wanaoapa kwa 62. Sigombani nao, ni mambo ya ulimi. Pakiti huijua imekwisha kwa kuiminya. Ikiwa bado ina ute ndani, iko kazini. Ikikakamaa na kujaa vipande kama kokoto, muda wake umefika. Zangu za kwanza ndani ya plastiki zilivuka miezi kumi.

Kazi iliyobaki ni uvivu. Nafungua chombo mara moja kwa wiki mbili, hewa inabadilika, nazungusha za chini zikae juu, nafunga. Mwanzoni nilikuwa nafungua kila jioni "kuangalia tu", na kila nikiangalia nafukuza unyevu niliotoka kuutafuta. Selofani, ile karatasi angavu inayofunika kila biri, siivui, hupitisha unyevu taratibu na inazikinga nisipozishika kwa upole.

Joto nalo ni nusu ya habari, na mimi nililipuuza mpaka lilipoleta wageni. Niliwahi kuweka chombo juu ya kabati, karibu na dari, kipindi cha joto kali. Siku moja nikaona biri ina kitundu cha mviringo kana kwamba mtu ameichoma kwa msumari mwembamba, na chini yake vumbi la kahawia. Huyo ni mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne, kadudu kekundu-kahawia ka milimita mbili tatu, mwenendo wake kama wa fukusi kwenye nafaka. Mayai yake huweza kuja ndani ya majani tokea huko tumbaku ilikotoka. Yakipata joto la kutosha yanaanguliwa, na funza ndiye anayekula. Ushauri wa kawaida ni kukaa karibu na nyuzi 21 za Selsiasi na kutovuka 24.

Tiba ni friza. Kwanza nilizifunga biri zote, zenye tundu na zisizo na tundu, kwenye mifuko miwili ya zipu, mmoja ndani ya mwingine. Siku moja kwenye friji, siku tatu kwenye friza kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha siku moja tena kwenye friji, ndipo nikazitoa nje na kuziacha ndani ya mifuko mpaka zilipoisha ubaridi kabisa. Haraka ndiyo inayopasua: ukizitoa frizani ukafungua papo hapo, matone ya maji yanajikusanya juu ya jani. Katika biri kumi na tisa nilipoteza mbili zilizotobolewa na moja iliyopasuka. Chombo sasa kinakaa chini kabisa ya kabati la nguo, gizani, nyuma ya viatu.

Zile zilizokauka kwenye sanduku sikuzitupa zote. Zilikuwa nane. Niliziweka kwenye chombo cha pembeni na pakiti ya 62 kwa mwezi mzima, kisha ya 65 mwezi mwingine, maana tumbaku kavu ukiinyeshea kwa pupa ndani huvimba kabla jani la nje halijalegea, likapasuka. Tano zilirudi kuvutika. Tatu zilichanika hata hivyo. Na hizo tano, mvuto ulikuwa mzuri lakini ladha ilikuwa kama chai iliyopashwa moto mara ya pili. Maji yalirudi, mafuta hayakurudi.

Kwa nyota: chombo cha plastiki na pakiti, tano, ingawa mgeni akiviona atadhani ni kiporo. Kipima unyevu cha kidijiti, nne, kwa sababu ya ile tatu. Sanduku nililipa nafasi ya mwisho: pakiti mbili za asilimia 84, zile za kuandalia mbao, siku kumi na nne bila biri hata moja ndani. Mbao ilitulia, kifuniko kikakaa sawa, lakini ule mwanga wa upande wa kulia haukwenda popote. Nyota mbili, zote za sura. Sasa linakaa rafuni, nahifadhia humo kikatio, viberiti na biri moja ya Jumamosi.

Kile kipimo chake cha mshale bado kipo pale kwenye kifuniko. Leo asubuhi nilipokuwa nafuta vumbi nilikitazama. 70.