Kulanti ya kijani imenilia Lister ya marehemu baba

Nisameheni, naandika nikiwa na hasira. Nimetoka kufungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini ya Lister inayozungusha mashine yangu ya kusaga hapa kijijini, Dodoma, na kilichokuwa kwenye jaketi la maji, ile nafasi ya maji ya kupozea inayozunguka silinda, si maji. Ni tope jekundu, zito kama uji wa ulezi. Nimelichota kwa kijiko mpaka ndoo ikajaa.

Wenye hizi injini za Lister za zamani, zilizotengenezwa Dursley, Uingereza, mnazijua: chuma cha kusubu kitupu, pampu ya maji hakuna. Maji ya moto yanapanda yenyewe kwenye pipa, yakipoa yanarudi chini. Pipa liko wazi, maji yanapungua, kila siku unaongeza, na kila ukiongeza unaingiza hewa mpya na chumvi mpya. Maji ya visima vyetu mnayajua yalivyo na chumvi. Kutu inashiba.

Ndiyo maana miezi kadhaa iliyopita nilifunga safari hadi duka moja la spea mjini, nikanunua madumu mawili ya kulanti, ile dawa ya kutia kwenye maji ya kupozea injini. Nikauliza, "Kijana wangu, hii inazuia kutu kweli?" Hakuinua hata macho kwenye simu. "Mzee, si imeandikwa?"

Mwanzoni nikaisifia hadi kwa jirani mwenye trekta. Juzijuzi mashine ikaanza kuchemsha kabla gunia la pili halijaisha, akina mama wamepanga debe zao foleni mpaka nje, nami nazima.

Nitende haki: sikuosha jaketi kwanza, na niliichanganya na maji ya kisima. Pengine nusu ya kosa ni langu, ndivyo nilivyojiambia. Nikachukua misumari miwili mipya. Mmoja nikauzamisha nusu kwenye glasi ya kulanti tupu, bila tone la maji. Wa pili kwenye maji ya mvua yaliyotiwa yale mafuta ya mafundi wa kukereza chuma, yanayochanganyika na maji yakawa meupe kama maziwa. Fundi wa baba alikuwa akitumia hayohayo. Siku ya tatu msumari wa kulanti umevaa kutu. Wa pili unang'aa.

Basi hakuna nusu kosa! Nimeuziwa maji ya rangi. Nilipokwenda kulalamika, kijana yuleyule akanijibu, "Mzee, hiyo injini wape wauza vyuma chakavu. Kulanti ni ya magari ya kisasa." Injini iliyotusomesha watoto wote wa nyumba ile! Kutu haichagui gari jipya wala mashine ya kusaga.

Sasa nimerudi kwenye maji ya mvua na mafuta ya fundi. Angalieni tu mipira ya mabomba ya maji, ile ya zamani huvimba kwa mafuta.

Dumu la pili sijalifungua. Jumatatu nalirudisha dukani, pamoja na ule msumari.